Presha ya Kunyonya Ikishuka, Muulize Pacha

Hotuba kwa mafundi wa majokofu na viyoyozi, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa kazi, mafundi wenzangu, nanyi vijana mliobanana kule nyuma karibu na mlango, asalaam aleikum na Bwana asifiwe. Nimeombwa niseme juu ya mashine zenye kompresa mbili, hasa lile tatizo ambalo mafundi hunipigia simu kulihusu karibu kila wiki: "Mzee, presha ya chini, ile ya kunyonya, imeshuka, niongeze kilo ngapi za gesi?"

Naanza na swali lenyewe. Anayeuliza kilo ngapi ameshatoa hukumu. Ameiona sindano ya geji ya bluu, ile ya presha ya chini, imelala, akasema gesi imepungua. Geji haikusema hivyo. Geji imesema kwamba kompresa inavuta mvuke mwingi kuliko ule unaotengenezwa kwenye koili ya ndani. Basi. Sababu haikuitaja, na kazi ya kuitafuta sababu ndiyo tunayolipwa.

Ifikirieni koili ya ndani kama chungu jikoni. Gesi ya majimaji inayoingia ndiyo maji, na hewa ya ukumbi inayopita juu yake ndiyo moto. Chungu kikikosa kutoa mvuke, huenda maji ni machache. Huenda maji yapo pipani tele, ila mfereji wa kuyaleta umeziba. Au maji yamejaa mpaka ukingoni na kuni zimezimika. Mpishi mzoefu hakimbilii kumimina maji. Kwanza huinama akatazama kuni. Sisi mafundi tumezoea kumimina.

Nilimimina na mimi, na iligharimu. Nilikuwa na miaka kama minne kazini. Mashine ilikuwa ya paketi, yaani sehemu zote ndani ya sanduku moja, gesi R-22, kompresa mbili za pistoni, kila moja na mzunguko wake, na inalisha gesi kwa kapilari, kile kibomba chembamba mno cha kuipunguzia presha. Geji zote mbili zilisoma 50 kwa psi, kipimo chetu cha presha. Kwa R-22 hiyo ina maana gesi inachemka kwenye nyuzi 3 hivi chini ya sifuri, yaani koili inaelekea kuganda. Nikafungua mtungi. Nikaongeza mzunguko wa kwanza mpaka 68, nikaongeza wa pili mpaka 68, nikafunga vifaa, nikapokea pesa yangu na shukrani. Siku ya nne nikaitwa: kompresa moja inagonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya pipa. Jioni yake ikafa. Tulipoifungua, vali zilikuwa zimevunjika na mafuta yamesombwa.

Chanzo kilikuwa mkanda wa feni. Ulilegea, ukawa unateleza kwenye pulei, na filta zilikuwa na vumbi zito kama blanketi. Hewa ilikuwa haipiti, gesi ikawa haichemki, majimaji yakawa yanarudi mabichi kwenye kompresa. Nami nikayaongezea majimaji mengine. Mkanda ule haukufika hata sehemu ndogo ya bei ya kompresa. Mwenye mali alinisamehe, lakini sauti ile ya kugonga ninaisikia mpaka leo ninapoona kijana anafungua mtungi kabla ya kufungua filta.

Sasa tazameni kitu ambacho siku ile kilikuwa mbele ya macho yangu nisikione. Geji mbili zilisoma sawasawa, 50 na 50. Mizunguko ile haikuunganishwa popote. Kila mmoja una mabomba yake na gesi yake. Ingewezekanaje yote miwili ivuje kwa kiasi kilekile? Kilichokuwa cha pamoja kati yao ni hewa: feni moja, filta zilezile, ukumbi uleule. Jibu nilikuwa nalo mkononi, nikaliangalia kama tarakimu tu.

Ndiyo maana nasema mashine ya kompresa mbili ina neema ambayo ya kompresa moja haina. Ina pacha. Mmoja akiumwa, wa pili yupo pembeni, amekula chakula kilekile na kulala kitanda kilekile. Muulize. Wote wawili wakiwa chini, achana na gesi kwanza, nenda kwenye hewa: filta, mkanda, uchafu wa koili, dampa zilizofungwa, njia za hewa zilizochomoka juu ya dari. Mtazame na mwelekeo wa feni. Feni ya fezi tatu ikigeuziwa nyaya huzunguka kinyume, na ile feni ya ngoma ikizunguka kinyume haiachi kupuliza. Hupuliza hewa kidogo, fundi akaweka mkono kwenye grili akaridhika. Nimewahi kuikuta hali hiyo baada ya jenereta mpya kufungwa. Akiwa chini mmoja tu, mwingine mzima, hewa huna haja ya kuisumbua sana. Ugonjwa uko ndani ya mabomba ya yule mmoja.

Lakini pacha haulizwi akiwa amefunikwa na barafu, na hapa naomba tusogee taratibu, maana ndipo mafundi wazuri hupotea. Koili za mashine hizi hujengwa kwa namna kuu mbili. Kuna ile iliyogawanywa, mzunguko wa kwanza nusu ya chini, wa pili nusu ya juu. Hiyo inajieleza yenyewe: barafu ikiwa nusu ya chini tu, umeshajua mgonjwa ni nani. Kuna na ile iliyosukwa, mabomba ya mizunguko miwili yamepishana safu kwa safu kama ukili. Kwenye hii ya kusukwa, mzunguko mmoja ukipungukiwa gesi unaganda, barafu inaota kwenye mapezi, na mapezi ni ya wote wawili. Hewa inazibwa kwa wote. Yule mzima naye presha yake inashuka. Unafika, unazikuta geji zote mbili chini, unakumbuka maneno yangu, unasema ni hewa. Na ni kweli hewa haipiti, ila hewa siyo iliyoanza.

Kwa hiyo barafu kwanza iyeyuke. Zima kompresa zote, acha feni ya ndani izunguke, subiri saa 2, hata 3. Usichokonoe barafu kwa bisibisi; mapezi ni laini na bomba liko nyuma yake kidogo tu. Mwambie mwenye ukumbi ukweli kwamba lazima asubiri. Halafu washa, acha mashine itulie dakika 15 au 20, ndipo usome.

Na ukisoma, usisome presha peke yake. Soma na joto la bomba. Nawaona wengine mnanyanyua nyuso, najua maneno supahiti na sabukulingi huwatisha watu wakidhani ni hesabu za chuo. Supahiti ni hii: presha ya chini inakuambia gesi inachemka kwenye nyuzi ngapi, kipimajoto kilichofungwa kwenye bomba nene la kurudi kompresa kinakuambia mvuke umefika na nyuzi ngapi, toa ile ndogo kwenye kubwa. Ikiwa kubwa sana, maana yake gesi iliisha kuchemka mapema ndani ya koili, sehemu iliyobaki ilikuwa inapasha mvuke mtupu. Koili ina njaa. Ikiwa ndogo mno, au sifuri, majimaji yanarudi mabichi. Koili ina gesi tele na haina joto la kuichemsha. Sabukulingi ni hesabu hiyohiyo upande wa nje: presha ya juu inakuambia gesi inageuka maji kwenye nyuzi ngapi, na bomba jembamba linalotoka kwenye kondensa, ile koili ya nje, linakuambia maji yamepoa mpaka ngapi. Ikiwa ndogo, kondensa haina akiba ya majimaji. Ikiwa ya kutosha, akiba ipo.

Ziwekeni pamoja. Presha ya kunyonya iko chini, supahiti kubwa, sabukulingi ndogo: hapo ndipo gesi imepungua kweli, tafuta panapovuja. Presha chini, supahiti kubwa, sabukulingi ipo vizuri au imezidi: gesi ipo, imezuiliwa njiani. Presha chini, supahiti ndogo: kuni zimezimika, rudi kwenye hewa. Laiti ningelijua hilo la tatu siku ile ya mkanda.

Nawapeleka kwenye saiti moja, ghorofa katikati ya jiji hili. Mashine iko juu ya paa, paketi ya tani 20 za ubaridi, kompresa mbili za skroli, mizunguko miwili, gesi R-410A. Malalamiko: asubuhi pana nafuu, ikifika saa 8 mchana watu wanajipepea kwa makaratasi. Mafundi wawili walishapita kabla yetu. Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye boksi la umeme ni kipande cha waya mwekundu, kimeunganisha nyaya mbili za swichi ya presha ya chini ya mzunguko wa kwanza. Swichi ilikuwa inazima mashine, mtu akaifunga mdomo. Ndugu zangu, kompresa hizi mota yake hupozwa na mvuke ule unaorudi. Presha ikishuka mvuke unakuwa mwembamba, mota inachemka, mafuta yanabaki kwenye koili kwa sababu hakuna kasi ya kuyarudisha. Swichi ile ndiyo mlinzi wake. Kuifunga kwa waya ni kumwua mlinzi kwa sababu amepiga kelele usiku.

Tukautoa waya. Koili ilikuwa na barafu upande wa kuingilia gesi, tukaiyeyusha kama nilivyosema. Nje joto lilikuwa nyuzi 30. Tukawasha, tukasubiri, tukasoma. Mzunguko wa pili: psi 128 upande wa chini, maana yake inachemka karibu nyuzi 7, bomba la kurudi nyuzi 13, supahiti 6. Upande wa juu psi 375, nyuzi 44 na nusu. Bomba la majimaji 38. Sabukulingi 6 na nusu. Mzima kabisa. Mzunguko wa kwanza: psi 92, nyuzi 3 chini ya sifuri, bomba la kurudi nyuzi 17. Supahiti 20! Njaa kali. Kijana niliyekuwa naye akageuka kutazama mtungi. Nikamwambia tumalize. Upande wa juu psi 340, nyuzi 40 na nusu. Bomba la majimaji 33. Sabukulingi 7 na nusu, kubwa kuliko ya pacha wake.

Akiba ipo kondensa, koili ina njaa. Mtu amekaa katikati ya njia.

Tukafuata bomba jembamba kwa mkono, kutoka kondensa kuelekea ndani. Tulipofika kwenye draya, kile kichujio cha kunasa unyevu na uchafu, nikamwambia kijana ashike mkono wa kushoto upande wa kuingilia na wa kulia upande wa kutokea. Akashika, akanitazama. Kushoto vuguvugu, kulia baridi, na kiganja cha kulia kimelowa jasho la bomba. Kipimajoto: 33 kuingia, 26 kutoka. Draya iliyo nzima haitakiwi kuonyesha tofauti inayozidi nyuzi 1 au 2. Hii ilikuwa imegeuka kapilari. Gesi inapanuka palepale juani badala ya kusubiri ifike kwenye vali ya ekspansheni, ile inayoipunguzia presha mlangoni mwa koili.

Kama si draya, tungeendelea. Bomba lililopindwa likakunjika, vali ya ekspansheni iliyokwama, au kile kichupa cha shaba cha kuhisi joto kilichopoteza gesi yake au kufungwa bila sponji la kukikinga na hewa. Nimeshakuta kichupa kinaning'inia hewani, hakijagusa bomba hata kidogo. Lakini anzeni na mkono. Mkono hauna betri ya kuisha.

Tulipoikata draya ile, ndani ilijaa unga mweusi. Tukauliza historia, tukaambiwa kompresa ya mzunguko ule ilibadilishwa miezi minane nyuma. Hapo hadithi ikakamilika. Fundi alichomelea mabomba bila kupitisha naitrojeni. Shaba ikipata moto mkali na kuna hewa ndani, ukuta wake wa ndani unaungua na kuota magamba meusi. Nje chomeleo linang'aa, mwenye mali anasifu. Ndani magamba yanabanduka kidogo kidogo, yanasafiri na gesi, yanakwama kwenye kitu cha kwanza chenye matundu madogo. Mtungi wa naitrojeni unaonekana mzigo kuupandisha ghorofa ya 9. Upandisheni. Mtiririko unaotakiwa ni mdogo sana, ule unaouhisi kwa shavu, si kwa mkono.

Gesi tulishaihamishia kwenye mtungi wa kuhifadhia kabla ya kukata; tukaweka draya mpya huku naitrojeni inapita, tukajaribu kwa presha, tukavuta vakyumu, yaani kutoa hewa na unyevu wote, mpaka maikroni 500 ikatulia hapo bila kupanda, tukarudisha gesi kwa mizani, uzito ule ulioandikwa kwenye kibao cha mashine. Siyo kwa sindano ya geji, kwa mizani. Tuliposoma tena: 127 na 129. Pacha wamekaa sawa.

Sasa kuna mashine nyingine ambazo kompresa ni mbili na mzunguko ni mmoja. Zinanyonya kutoka bomba moja na zina bomba dogo la kusawazisha mafuta baina yao. Hapo geji ya chini ni moja kwa wote wawili, huwezi kulinganisha namba. Ulinganishe mwendo. Zima ya kwanza, iache ya pili: presha ya kunyonya lazima ipande, kwa sababu mvutaji mmoja ameondoka. Kisha geuza. Ukizima mojawapo na sindano haikutikisika, basi hiyo uliyoizima ilikuwa inanguruma bure, haipampu. Na kama ikiwa moja tu presha ni nzuri, zikiwa mbili inazama, usiite fundi wa kuchomelea. Huenda hakuna ubaya wowote isipokuwa thamostati inaita kompresa mbili wakati mzigo wa joto ni wa kompresa moja.

Hilo la mzigo lipeni uzito. Ukumbi wa harusi unakuita Jumanne asubuhi. Hakuna mtu ndani, taa zimezimwa, hewa ni nyuzi 22. Unawasha zote mbili, presha inashuka, unasema gesi pungufu, unajaza. Jumamosi usiku wanaingia watu 400, na wapishi wamefungua milango: presha ya juu inapanda mpaka mashine inajizima bwana harusi akiwa anaingia. Kabla ya geji, pima hewa inayorudi na hewa inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 mpaka 11 ni ya kawaida. Ikizidi hapo sana, hewa ni kidogo. Na joto la hewa inayorudi liandike pembeni ya kila presha unayoisoma. Presha isiyo na joto lake haisomeki.

Wenzetu wa Arusha, Mbeya na Nairobi wana jambo lao ambalo sisi wa pwani hatulijui. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku baridi inashuka, na vyumba vya kompyuta vinahitaji ubaridi usiku kucha. Kondensa inapozwa kupita kiasi, presha ya juu inaanguka, vali inakosa nguvu ya kusukumiwa gesi, na presha ya kunyonya inaanguka nayo. Asubuhi saa 4 jua limetoka, mashine ni nzima. Hapo dawa ni kidhibiti cha feni za nje, kizime feni moja presha ikishuka. Ukiongeza gesi usiku umetengeneza tatizo la mchana.

Nimalizie na mitungi. Tarehe 15 Oktoba 2016, hapa jirani Kigali, nchi za dunia zilikubaliana kupunguza gesi za kundi la R-410A na R-134a, kama Mkataba wa Montreal wa 1987 ulivyoanza kuziondoa zile zinazotoboa ozoni. R-22 nayo nchi zetu zinaiaga 2030. Kilo moja ya R-410A ikipotea hewani inapasha dunia sawa na zaidi ya tani 2 za kaboni dioksaidi. Anayejaza bila kuziba panapovuja anaipeleka yote hewani kwa awamu, na anamlipisha mteja kila awamu. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu wateja wetu hawana namna ya kutujua. Wanaona sindano imepanda, wanaamini. Mzee wa duka, mama wa saluni, msikiti uliochangisha sadaka wakanunua kiyoyozi: wote wanatuamini sisi na ile sindano.

Juu ya paa la jengo hili kuna mashine ya mizunguko miwili. Jana jioni wenyeji wetu wameiwekea hitilafu moja, na nimewaomba wasiniambie ni ipi. Gawaneni watano watano. Kila kundi lije na kipimajoto, kalamu na karatasi. Geji tutazifunga tukishapima hewa. Mitungi yote ibaki huku chini. Ngazi iko upande wa nyuma, na jua bado halijawa kali.